Siku moja Seoul kwa ikulu za zamani na mitaa ya hanok: kama unatoka Kisumu soma hii kabla ulipe

Mnaniuliza kama matembezi haya yanafaa kulipia, wacha nianze na jibu ndio msinipigie simu usiku: ndio, enda. Kama uko Seoul na umebakisha siku moja tu ya kutembea, hii ya ikulu za zamani na mitaa ya hanok, zile nyumba za jadi za Kikorea, ndio ya kuchukua, iache nyuma hata ile ya kuzunguka maduka ya vipodozi yenye kila mtu huwa anawaambia. Naipea nyota nne kwa tano, na hiyo moja imebaki nitasema ilipotelea wapi.

Naandika kwa sababu watu wengi huku kwetu wameanza kuuliza. Kuna vijana wanapata skolashipu, kuna wale wa serikali wanatumwa mafunzo ya wiki mbili tatu, na kuna wamama wa chama chetu hapa Mamboleo ambao tamthilia za Kikorea zimewaingia kabisa na wanataka kuona hizo ikulu kwa macho yao. Mimi nilienda kutembelea sistangu anasomea digrii ya pili huko, tukajiunga na msichana mwingine wa Nakuru wanasoma pamoja, tukalipia matembezi ya siku nzima kwa kampuni ndogo. Jina la kampuni sitasema juu kuna mahali nitawalalamikia, na hata hivyo ziko nyingi na ratiba zao zinafanana sana: ikulu ya Gyeongbokgung asubuhi, chakula cha mchana, mtaa wa hanok wa Bukchon, ikulu ya Changdeokgung, halafu mtaa wa maduka wa Insadong jioni. Tulilipa kama won elfu hamsini kila mtu bila chakula. Kwa hesabu ya haraka toa sifuri moja kwa won unapata shilingi kwa makadirio, so hiyo ni kama elfu tano hivi za kwetu.

Elfu tano kwa kutembea kwa miguu inasikika mingi, najua. Lakini sikiza. Kuingia Gyeongbokgung yenyewe ni won 3,000 tu, hiyo hata mwanafunzi analipa. Kile unalipia ni mtu wa kukueleza, na hapo ndio pesa yangu ilienda vizuri, kwa sababu bila maelezo utaona paa, ukuta, paa, ukuta, utapiga picha mia mbili na jioni hutakumbuka ya wapi ni ipi. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo hivi, Kiingereza chake cha polepole lakini kimekamilika, sisi tukawa tunamwita Mama tu vile tumezoea na sistangu alipomweleza kwa nini, akafurahi, kutoka hapo akawa anatuita wanangu.

Sasa Gyeongbokgung. Hii ndio ikulu kubwa ya wafalme wa Joseon, ukoo ulioanza kutawala 1392 na ikulu ikajengwa 1395. Uko katikati ya mji wa watu zaidi ya milioni tisa, maghorofa ya vioo nyuma yako, barabara kubwa mbele, na ukipita lango la Gwanghwamun tu unajikuta kwa uwanja mpana wa mawe na mlima nyuma ya paa. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Saa nne kamili walinzi wanabadilishana zamu pale langoni na ngoma na bendera na mavazi ya rangi, wanarudia tena saa nane mchana, lakini ya asubuhi ni afadhali kwa sababu jua bado na mabasi ya watalii hayajamwaga watu.

Ndani kuna ukumbi wa kiti cha enzi, Geunjeongjeon. Pale uwanjani utaona mawe madogo yamesimama kwa mistari miwili, watu wengi wanayapita tu wakikimbilia picha ya ukumbi. Simama hapo kidogo. Kila jiwe limeandikwa cheo, na kila ofisa wa mfalme alijua jiwe lake, wa vyeo vya juu karibu na ukumbi, wa chini huko nyuma, wa jeshi upande mmoja na wa kiraia upande ule mwingine. Hata sakafu ya uwanja wameacha mawe yakiwa makwaruzo makusudi, hayajalainishwa, ndio yasing'arishe jua kwa macho na mtu asiteleze mvua ikinyesha. Rangi zile za kijani na nyekundu chini ya paa nazo si urembo peke yake, zinalinda mbao zisioze na zisiliwe na wadudu. Mambo kama haya ndio nilipenda, kila kitu kiko na sababu yake.

Halafu ikaja ile sehemu ilinigusa sana, na hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Msichana wetu wa Nakuru aliangalia mbao vizuri akaniambia, anti, lakini hii ni mpya, hii si ya 1395. Na ni ukweli. Ikulu iliungua 1592 Wajapani walipovamia, ikakaa magofu zaidi ya miaka mia mbili na sabini, ikajengwa tena 1867. Kisha Japani ikaitawala Korea kutoka 1910 mpaka 1945, na kwa huo muda majengo mengi sana yakabomolewa, na 1926 wakamaliza kujenga jengo lao kubwa la mawe la serikali ya kikoloni, wapi? Mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi, wakauziba kabisa, ndio mtu akisimama mjini aone jengo la mkoloni asione la mfalme. Lango la Gwanghwamun lenyewe waliling'oa wakalipeleka kando. Baadaye likaharibiwa kwa vita vya Korea, likajengwa 1968 kwa zege, na hawakuridhika, wakalibomoa wakalijenga tena kwa mbao pahali pake pa kwanza, likafunguliwa 2010. Na lile jengo la kikoloni walianza kulibomoa tarehe 15 Agosti 1995, siku ya kutimiza miaka hamsini ya kuwa huru. Hata kibao cha jina pale langoni kimebadilishwa 2023 baada ya kufanya utafiti wakagundua cha zamani kilikuwa cheusi na maandishi ya dhahabu.

So kuna wageni wanaandika ati ikulu hii ni bandia kwa sababu mbao ni mpya. Mimi siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Watu wanaorudia kitu mara tatu, mara nne, wakisaka picha za zamani na michoro ndio waweke nguzo pale pale ilikuwa, hao wanajua wanafanya nini. Kuona mafundi bado wako kazini sehemu zingine za ikulu, maana kazi ya kurudisha majengo ilianza 1990 na haijaisha, kwangu ilikuwa na uzito kuliko kama ningeona nguzo ya miaka mia sita.

Huko nyuma kabisa kuna Geoncheonggung, wengi hawafiki juu miguu imechoka. Fika. Kwanza hapo ndipo taa za umeme ziliwashwa mara ya kwanza Korea, 1887, karibu na bwawa lenye kibanda kizuri cha Hyangwonjeong. Pili, hapo ndipo malkia aliuawa Oktoba 1895, Wajapani waliingia usiku mpaka kwa makazi yake. Mama alituambia hiyo stori kwa sauti ya chini na hakuharakisha. Mimi nilifikiria Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Nandi Hills hapo si mbali na kwetu, aliyeitwa kwa mazungumzo ya amani na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, akauawa Oktoba 1905, miaka kumi tu baadaye. Nikamweleza Mama, akaniuliza kama kuna makumbusho, nikamwambia iko, kuna kaburi la heshima na makumbusho Nandi Hills. Akaandika jina kwa kitabu chake. Tulizungumza hapo mpaka kikundi kikatuacha.

Kabla nisahau, nyuma ya Gyotaejeon, nyumba rasmi ya malkia, kuna mabomba ya moshi ya matofali, yamepambwa kwa michoro ya maua na wanyama, yamesimama kwa bustani mbali na nyumba. Nilidhani ni minara ya mapambo. Kumbe ni sehemu ya ondol, ule mfumo wao wa kupasha nyumba joto, moto unawashwa upande mmoja chini ya sakafu, moshi na joto vinapita chini ya mawe ya sakafu chumba chote, ndio unatokea huko mbali kwa bomba. Kwa hivyo watu walilala na kukaa chini kwa sakafu yenye joto. Kwa ile baridi yao ya Januari inashuka mpaka chini ya sifuri sana, hiyo ni akili kubwa.

Kuhusu hanbok, zile nguo za kitamaduni. Maduka ya kukodisha yamejaa karibu na stesheni za Gyeongbokgung na Anguk, unalipa kwa saa au siku nzima. Ukivaa unaingia ikulu bure, lakini usikodi kwa sababu ya kuokoa hizo won 3,000, kukodi ni ghali mara kadhaa kuliko tiketi. Kodi kama unataka kuvaa. Mimi nilitaka, na nafurahi nilivaa. Niliogopa labda wenyeji wataona ni kama tunachezea mila yao, lakini haikuwa hivyo hata kidogo, bibi mmoja mzee alinisimamisha njiani bila hata kusema, akafungua ule utepe wa kifuani akaufunga upya vizuri, akanipigapiga bega akaenda. Saizi kubwa ziko, wamama wenzangu msiogope. Shida ni duka letu, walitupea masaa machache halafu wanatoza kila dakika za ziada, na tukalazimika kukimbia kurudisha katikati ya matembezi. Ukikodi chukua ya siku nzima, na vaa raba zako mwenyewe, sketi inafunika.

Chakula cha mchana hakikuwa kwa bei tuliyolipa, mkumbuke hilo. Tulikula samgyetang, kuku mdogo mzima kwa bakuli la udongo supu ikichemka bado, tumboni amejazwa mchele wa kunata, kitunguu saumu na mzizi wa ginseng. Ni kama won elfu ishirini. Wapenzi wa kuku wa Kakamega na Bungoma mtalia kwa furaha. Zile sahani ndogo za kimchi na mboga zinakuja bure na ukimaliza wanakuongezea. Wale hamli nguruwe muulize kabla ya kuagiza kila pahali, huko nguruwe anaingia kwa vyakula vingi, lakini hii ya kuku iko salama kwa hilo.

Baada ya hapo tukapanda Bukchon, mtaa uko katikati ya Gyeongbokgung na Changdeokgung, na ndio maana mpango wa siku uko sawa: ukishaona ikulu mbili ziko wapi unaelewa kwa nini maofisa na matajiri wa zamani waliweka nyumba zao hapa, walikuwa wanaenda kazini kwa miguu. Nyumba zenyewe nyingi unazoona leo si za hao mabwana, ni za miaka ya 1930. Kulikuwa na mkandarasi Mkorea anaitwa Jeong Segwon ambaye alinunua viwanja vikubwa akavigawa, akajenga hanok ndogo ndogo ambazo Mkorea wa kawaida angeweza kununua, wakati huo Wajapani walikuwa wanapanuka kuingia sehemu hiyo ya mji. Huyo mzee pia alisaidia chama cha lugha ya Kikorea kwa pesa na jengo wakati lugha yenyewe ilikuwa inakandamizwa, akakamatwa na kuteswa kwa hilo. Sistangu amekaa huko na hakuwa amewahi kusikia jina lake. Mimi naona angestahili sanamu mahali.

Mama alituingiza kwa hanok moja iliyofunguliwa kwa wageni akatuonyesha mpangilio, upande wa wanaume wa kupokea wageni uko karibu na lango, upande wa wanawake uko ndani zaidi. Nilimwambia hii naijua, boma la Kijaluo simba ya vijana iko karibu na lango na nyumba ya mama iko ndani juu inaangalia lango. Wale hamjawahi kuona ni hapo tu Makumbusho ya Kisumu, kuna boma zima limejengwa. Mama alitaka nimchoree, nikamchorea kwa risiti.

Lakini Bukchon kuna jambo lazima niseme na nalisema kwa uzito. Watu wanaishi hapo. Ni nyumba za watu, kuna nguo zimeanikwa, kuna mtoto anafanya homuweki. Watalii walikuwa wamewazidi mpaka serikali ya mtaa ikaweka sheria, sehemu ile maarufu ya mteremko mgeni anaruhusiwa kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni tu, na tangu Machi 2025 ukipatikana nje ya hapo faini ni won 100,000. Kuna watu wazima na mabango wanaomba mnyamaze. Na bado niliona mtu akijaribu kusukuma lango la nyumba ya mtu apige picha ndani. Ukienda ongea kwa sauti ya chini, usikalie ngazi za watu, usipige picha dirishani. Kama hiyo inakuumiza, kuna kijiji cha hanok cha Namsangol, ni bure, nyumba zililetwa zikapangwa hapo za kutembelewa, hakuna anayelala ndani, piga kelele upendavyo.

Changdeokgung ndio nilipenda kuliko zote. Ilijengwa 1405 na iko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Gyeongbokgung imenyooka kwa mstari, hii imefuata mlima, majengo yamekaa vile ardhi imelala. Nyuma kuna bustani ya siri, Huwon, ina tiketi yake peke yake won 5,000, na wanaingiza idadi fulani ya watu kwa kila saa, kwa hivyo buku mapema mtandaoni, hasa msimu wa majani kubadilika rangi. Kuna bwawa la mraba lenye kisiwa cha mviringo katikati, na juu yake jengo la Juhamnu la 1776 lililokuwa maktaba ya mfalme. Tulikaa hapo kimya watu wote, na wale watoto wa kikundi pia.

Na usitoke kabla ya kuona Nakseonjae. Ni nyumba ya 1847, haina rangi, mbao tupu na karatasi kwa milango, iko ndani ya ikulu lakini imejengwa kama nyumba ya mtu. Watu wa mwisho wa ukoo wa kifalme waliishi hapo mpaka 1989. Mwaka 1989! Mimi nilikuwa nimezaliwa. Hapo ndipo historia yote ya asubuhi ilinikaribia, nikiangalia mlango ambao binti wa mfalme alikuwa anaufungua mimi nikiwa mtoto.

Sasa ile nyota iliyopotea. Baada ya kitu kizuri hivyo, kampuni ikatupeleka Insadong, na badala ya kutuacha tutembee wakatuingiza kwa duka la ginseng, tukaketishwa, tukapewa chai kidogo na maelezo marefu sana ya bidhaa na bei. Hakuna aliyetulazimisha kununua lakini muda ulienda, na muda ulikuwa wetu tumelipia. Mama mwenyewe nilimuona hana raha, na nafikiri si uamuzi wake. Kabla ulipe waulize wazi, kuna kusimama dukani ama hakuna? Wakikosa kujibu vizuri tafuta wengine. Tulipoachiliwa Insadong ilikuwa imebaki dakika chache, tukapata angalau nyumba moja ya chai kwa kichochoro, chai ya omija nyekundu, chungu na tamu na chumvi kwa pamoja, ningekaa hapo saa mbili.

Kwa wale bajeti ni ndogo, siku hii inawezekana bila kampuni. Ndani ya Gyeongbokgung kuna maelezo ya bure kwa Kiingereza mara kadhaa kwa siku, na jiji la Seoul lina matembezi ya bure na mwongozaji, unajiandikisha mtandaoni siku kadhaa kabla. Ningejua haya mapema ningefanya ya bure asubuhi halafu nitumie ile elfu tano kwa chakula na hanbok ya siku nzima. Kwa mzazi mzee au mtu wa magoti lipia kampuni, wanajua njia zenye ngazi chache, maana Bukchon ni mlima kweli kweli. Mtoto mdogo mbebe mgongoni, mawe ya ikulu hayapatani na kigari.

Siku za kufungwa msichanganye: Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, Changdeokgung hufungwa Jumatatu, kwa hivyo hizo siku mbili ziepuke kama unataka ikulu zote mbili kwa siku moja. Treni shuka Gyeongbokgung laini ya tatu, na jioni panda Anguk, laini hiyo hiyo. Nunua kadi ya T-money kwa duka lolote dogo, inafanya kwa treni na basi. Kwa simu weka Naver Map au KakaoMap, ile ramani ya Google tumezoea haikuongozi vizuri kwa miguu huko. Mkoba mdogo, maji, na kama ni kati ya Novemba na Machi vaa nguo za kubana ndani ya hanbok, baridi yao si ya Timboroa.

Viza Mkenya anahitaji, msikubali mtu awaambie mtaipata uwanja wa ndege. Mambo ya hanbok, ikulu na chakula niulizeni mimi, ya viza pigieni ubalozi wao Nairobi wenyewe.